Furaha Mbili Nilizopeleka Bafwasende

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula lituma bila chumvi. Mtu wa Kisangani hahitaji tarehe nyingine. Ndizi za kuponda lituma tulikuwa nazo, sombe la majani ya muhogo lilikuwepo, mawese yalimwagika hata chini. Lakini mto ulikuwa umefungwa, boti za Kinshasa hazipandi, na chumvi ilikuja kutoka mashariki kwenye baiskeli, mwanamke anaipokea kwa kijiko cha chai na kuificha chini ya godoro. Tulitafuna lituma huku tunatazama pembeni. Mwaka uliofuata chumvi ilirudi, donc msichanganye.

Nyinyi mama wa baraza yangu, mnaoshona kofia na foronya pamoja na mimi, kila mmoja ameniuliza kipande chake cha ile safari, kisha amekwenda kukisimulia vibaya. Mmoja anasema waasi walinifunga. Sikufungwa, nilikalishwa. Mwingine anasema Koko Salima anajua Kichina. Sijui Kichina hata cha kuomba maji. Najua kuandika alama moja tu, lakini hiyo naijua pete kwa pete. Sasa naandika yote, tuachane. Habari za karatasi za ruhusa na nani alipiga muhuri nazitupa. Zilinichosha kuliko njia yenyewe.

Kabla ya kutoka Kisangani

Mjukuu wangu Zaina alimfuata bwana yake kwenye machimbo ya dhahabu, kule Bafwasende. Bwana alipata dhahabu kiasi cha punje ya mchele, Zaina akapata tifoide. Aliyemuokoa ni Mchina, mama mjane anayeuza dawa ndani ya nyumba ya mabati kando ya barabara. Watu wanamwita Mama Lan. Alimlaza Zaina kwenye kitanda chake mwenyewe siku tisa, yeye akalala chini. Alimnywesha maji kwa kijiko. Zaina alipoweza kusimama akauliza malipo, na Mama Lan akamjibu hivi:

"Bibi yako anashonaka, ulisema. Bon. Mutoto yangu mwanamuke anaolewa, kule kwetu. Bibi anishonee hii."

Akampa kitambaa chekundu kirefu na karatasi moja. Kwenye karatasi kulikuwa na alama kwa wino mweusi, imeandikwa mara mbili, bega kwa bega. Alama moja ni furaha. Zikiwa mbili ni arusi. Kwao arusi bila furaha mbili kwenye nguo nyekundu ni kama kwetu watu waje arusini wakute sufuria zimefunikwa na ndani hamna kitu. Tena alikuwa na siku yake: mwezi ukijaa, lori litamchukua kwenda mashariki, na huko mbele ndege. Kitambaa kisipofika kabla ya lori, kazi bure.

Niliikubali kabla Zaina hajamaliza kueleza. Deni la mtoto kulazwa kitandani mwa mtu halilipwi kwa kitu kingine ila kwa mkono. Na pia, niseme ukweli, nilifurahi kwa kiburi. Nani mwingine katika mji huu angeombwa na Mchina?

Shule yangu mnaijua, ni fupi. Uhuru ulinikuta kwenye mkeka wa chuo cha Kurani, uasi wa kwanza ukaniondoa hapo. Mwalimu alikimbilia msituni na fimbo yake, akatuacha katikati ya juzuu, na hakurudi. Herufi za Kizungu nilizijua baadaye kwa kuzishona kwenye foronya, maneno ya usiku mwema na ya mapenzi: *Bonne nuit, Dors bien, Mon amour*. Ile alama ya Mama Lan niliiangalia kama ninavyoangalia ua au ndege: mtu akinipa umbo, nalishona. Nilitumia uzi wa dhahabu, mshono wa mnyororo, kila pete inazaliwa ndani ya pete iliyotangulia. Siku kumi na moja. Nilipomaliza nilikitundika mlangoni, wapita njia waone.

Zaina akasema, "Koko, nitakipeleka mimi, njia naijua."

"Wewe magoti yako bado inacheza kama ya mbuzi ya jana. Nitamupatia mwenyewe, mukono kwa mukono."

Kisangani hadi kizuizi cha Bafwaboli

Aliyenichukua ni Tonton Lifoko, mtu wa toleka, yaani wale wanaosukuma mizigo kwenye baiskeli msitu mzima. Ni Mlokele wa Yanonge, Mkristo wa mto, mguu mkubwa kama kasia. Alikuwa na bidoni nne za mawese, anakwenda kuzibadilisha kwa chumvi. Mimi nilikuwa mzigo wa tano.

"Koko, wewe uzito yako ni ya bidoni ngapi?"

"Ya bidoni moja ya heshima. Sukuma."

Penye mteremko alinipakia juu ya bidoni, penye tope nilishuka. Kwa kweli nilitembea zaidi kuliko nilivyopanda. Yeye anaimba nyimbo za kanisa, mimi nasoma zangu, kila mmoja anaongeza sauti ili mwenzake asimzidi, mpaka nyani wakatukimbia. Asubuhi tulikula kwanga baridi, mkate wetu wa muhogo, na safu za kuchoma. Hayo matunda ya safu hata bila chumvi yana uchachu wake, unajidanganya kidogo. Alinunua nyama ya makako, tumbili wa msituni, iliyokaushwa, mkono wake umekunja vidole kama mtoto mchanga, akanikaribisha. Nikamwambia aitoe mbele ya macho yangu. Akaila nyuma ya mti, lakini nilimsikia anavyoisifu, makusudi.

Siku ya nne, karibu na Bafwaboli, kizuizi. Mti umelala njiani, askari watatu chini ya turubai, mkubwa wao mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu, wanamwita Komanda. Walipekua bidoni, wakajichotea mawese. Hiyo ni desturi. Kisha akafungua kifurushi changu, akanyoosha kitambaa, na uso wake ukabadilika.

"Hii nini?"

"Furaha," nikasema.

"Furaha ya nani?"

"Ya Mushinwa."

"Koko, usinichezee. Hii iko dawa ya vita. Angalia, huyu iko mutu amevaa kofia, hapa midomo mbili, hapa pembe. Munaipeleka kwa nani kule mbele?"

Tonton Lifoko, badala ya kunyamaza, akasema, "Komanda, iko mara mbili, juu dawa moja haikutosha," akacheka peke yake. Kwa hiyo tulikalishwa. Tulikaa siku hiyo na kesho yake, na mwezi juu yetu ulikuwa unanenepa. Nilihesabu: kutoka pale kwenda Bafwasende ni siku nne kama mvua haipo. Lori la Mama Lan lilikuwa limebakiza siku saba.

Asubuhi ya pili nikachoka kukaa kama kuni. Nikamwambia Komanda, "Uko na mutoto?"

"Niko na binti. Merveille. Hajanionaka tangu vita."

"Leta leso yako. Utaona kama mimi niko mulozi ao mushonaji."

Alitoa leso iliyofuliwa mpaka imekuwa laini kama ngozi ya masikio. Nikatia uzi, nikaanza kumshonea jina la binti yake. Aliinama karibu kabisa, akanihemea sikioni. Punde akasema:

"Mais Koko, unaandikaka jina kwa kuanza nyuma?"

Nikaangalia. Kweli. Nilikuwa nimeanza na e ya mwisho, nakuja kwa l, narudi kuelekea M, kutoka kuume kwenda kushoto, kama tulivyoandika ubao wa chuo. Miaka yote nimeshona *Bonne nuit* nikianzia t, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia! Kwa sababu foronya ikiisha, ni *Bonne nuit*, unalala.

Nikamjibu bila kuinua macho, "Shati ukiisha kuivaa, nani anaulizaka kifungo gani ilitangulia?"

Askari wote wakacheka, na Komanda akacheka. Jina lilipokamilika alilisoma kwa sauti, mara mbili. Akakunja leso, akaitia mfuko wa juu, akaamuru mti uondolewe. Nami nikaondoka nimejaa sifa. Kumbe aliniambia jambo la maana kuliko wote niliokutana nao, na nilimrushia mzaha.

Bafwaboli hadi Bafwasende

Mvua ilinyesha. Siyo ile ya kupita. Hii ilikaa kama mgeni asiye na kwao. Daraja moja la miti lilikuwa limekwenda na maji, tukangoja nusu siku watu wafunge jingine kwa kamba za msituni. Nilivuka kwa makalio, kitambaa kimefungwa kichwani ndani ya mfuko wa plastiki, Tonton Lifoko nyuma yangu ananiombea kwa Bikira Maria.

"Usiniombee huko, nitachanganyikiwa mimi ni wa nani!"

"Koko, ukianguka, tutauliza wote wawili."

Upande wa pili mwanamke mmoja alituuzia mbinzo, wale viwavi, wamekaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Kila mtu alikula bila chumvi na kila mtu alisema *ingekuwa na chumvi kidogo*. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya njia nzima.

Tuliingia Bafwasende siku ya tano tangu kizuizi, saa ya adhuhuri, mimi tope mpaka kiunoni. Nilikataa kwenda kwa Mama Lan vile. Nilioga mtoni Lindi, nikavaa pagne safi, nikajifunga kilemba, ndipo nikabisha. Lori lilikuwa limebakiza siku mbili. Nilikuwa nimefika, na kazi yangu mkononi. Nilijiona malkia.

Ukucha wa Mama Lan

Ni mwanamke mdogo, mkavu, nywele fupi kama za mwanamume, na anasimama wima kama sindano. Alinishika mikono yote miwili. Aliniketisha kwenye kile kitanda alicholala Zaina. Akatandika kitambaa juu ya meza ya dawa, akakilainisha kwa kiganja.

Kisha akauinamia uzi.

Nikangoja sifa. Akaweka ukucha wa kidole kidogo juu ya uzi, akaufuata pete kwa pete, polepole, kama mtu anayemfuata siafu. Akarudi mwanzo. Akafuata tena.

"Bibi, muzuri sana," akasema. "Lakini iko anatembea nyuma."

"Nani anatembea?"

"Furaha. Angalia." Akaweka ukucha. "Pete inatoka huku kwa kuume, inaenda kushoto. Kinyume. Hapa mustari ya kusimama iko chini, ya kulala iko juu yake. Kinyume. Na midomo hii, umezunguka mara moja tu kama kamba ya mbuzi. Kwetu kila alama iko na njia. Mutu anafunzwa njia mbele ya kufunzwa alama."

"Lakini umbo ni lile lile! Weka karatasi yako juu."

"Kwa wino, hakuna mutu ataona. Kwa wino ningenyamaza." Akanitazama, na nikaona haya yake, alikuwa anaona haya kuniambia. "Lakini wewe umeshona mnyororo. Mnyororo inasema yote. Na mama mukwe ya mutoto yangu iko mushonaji. Ataweka kidole kama mimi. Atasema: huyu bibi arusi anaingia nyumbani kwangu kwa mugongo, uso inaangalia njia ya kutoka."

Mama zangu, ninyi mnanijua. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuweka kidole kwenye kazi yangu isipokuwa kuisifu. Masikio yalinichemka. Na hapo akasema lile neno lenyewe:

"Tufumue. Mimi nitasaidia. Niko na wembe."

"Hapana. Mukono yangu haifumuake."

Nilisema hivyo nikasimama. Alikunja kitambaa vizuri, kama bado kilikuwa kizuri, akaenda jikoni kuchinjisha kuku.

Maji juu ya simenti

Nasema kuchinjisha kwa sababu alimwita jirani, mzee Mwislamu muuza vitunguu, aje achinje yeye. Hilo sikulijua wakati ule. Niliona tu sahani mbele yangu, makaroni membamba kama nyuzi na nyama, na nilikuwa bado nimenuna. Ili nisionekane sina adabu, nikauliza neno, "Kwenu nyumba munaiandikaka namna gani?"

Akamwaga unga kidogo kwenye meza, akachora kwa kidole: paa, na chini ya paa kitu chenye miguu mingi.

"Hii juu ni paa. Na hii chini?"

Hakujua neno lake kwa Kiswahili. Akakunja pua, akakoroma: *hro, hro*.

Nikasukuma sahani mpaka ikagonga chupa za dawa.

"Nguruwe! Uko unanilisha nguruwe!"

"Hapana, nyumba! Nyumba iko na nguruwe!"

"Hata nyumba!"

Tonton Lifoko, aliyekuwa anakula mlangoni, akasema huku mdomo umejaa, "Koko, kama iko nguruwe, lete kwangu, niteseke mimi."

Ilibidi mzee wa vitunguu aitwe tena na manyoya ya kuku yaletwe kwenye kikapu ndipo nikaamini. Mama Lan alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye unga, akawa mweupe. Nikacheka mimi pia. Nikala. Na ilikuwa na chumvi! Watu wa Mungu, chumvi ya kutosha, mpaka ulimi uliamka kama mtu aliyeitwa jina lake.

Huwezi kula chumvi ya mtu na kumnunia. Nikamwambia, "Sitafumua. Lakini kitambaa ni kirefu, nusu ingine haina kitu. Nionyeshe njia."

Alichukua brashi ya nywele ngumu na bakuli la maji, tukaenda kwenye baraza ya simenti. Akaandika kwa maji. Alama ikang'aa, nyeusi kwenye simenti ya kijivu. Jua likaipiga, ikapotea. Akanipa brashi.

"Andika. Ukikosea, jua inafumua. Si mukono yako."

Hapo nilimpenda.

Njia yenyewe ni hii, muishike kama mnavyoshika kazi ya kofia. Mistari kumi na miwili. Juu kwanza, chini baadaye. Penye msalaba, wa kulala kwanza, kisha wa kusimama juu yake, kisha mwingine mfupi wa kulala. Halafu mdomo: ukuta wa kushoto, kisha paa linalokwenda kuume na kushuka bila kuinua mkono, na sakafu mwisho kabisa, kama mtu anayefunga mlango wageni wakiisha kuingia. Halafu pembe ndogo mbili, mstari mrefu, na mdomo mwingine. Ukiisha, unahamia kwa pacha wake. Siku zote kushoto kwanza.

Hapo kwa kushoto ndipo nilipokwama. Kichwa kilielewa, mkono ukakataa. Kila nilipoinua brashi, ilikwenda kuume yenyewe, kama punda anayejua nyumba. Siyo ukaidi tu. Mimi nimefunzwa kuanza kuume: kula kuume, kuingia mlangoni kwa mguu wa kuume, kumpa mtu kitu kwa mkono wa kuume. Fimbo ya mwalimu ndiyo iliandika hilo mkononi mwangu, na alipokimbia nayo, nyingine aliniachia ndani. Kuanza kazi ya arusi upande wa kushoto niliona kama kumtupia bibi arusi zawadi kwa mkono mchafu.

Nilikosea mpaka bakuli likaisha maji mara tatu. Alasiri nzima ikaenda hivyo. Lori lilibaki na siku moja.

Kesho yake asubuhi Mama Lan alinipa kikombe cha chai. Alikaa mbele yangu, uso kwa uso, akaninyooshea kikombe kwa mkono wake wa kuume, maana alikwisha kuniona ninavyopokea. Na mimi nikauangalia ule mkono. Mkono wake wa kuume ulikuwa upande wa kushoto kwangu.

Nikaweka kikombe chini.

"Mama Lan, hii alama, iko na uso?"

"Namna gani uso?"

"Inaniangalia mimi, ao inanipatia mugongo?"

Akafikiri. "Inakuangalia."

Basi! Kama inaniangalia, ni mgeni aliyesimama mbele yangu, na kuume kwake ni kushoto kwangu. Kuanza kushoto siyo kukosa adabu. Ni kumsalimia mgeni kwa mkono wake wa kuume. Nikachovya brashi, nikasema kimoyomoyo *karibu*, nikaenda kushoto. Mkono ukafuata kama ulikuwa unangoja hiyo ruhusa. Mistari kumi na miwili, kisha kumi na miwili. Mama Lan akaifuata kwa macho. Alisimama tu mpaka jua likaikausha yote, na hakuna mstari alioukosoa.

"Lete mukasi," nikamwambia.

Lori

Nilikata kitambaa katikati. Nusu yangu ya kwanza nikaikunja, nikaikalia, nisiione. Kwenye nusu safi nikaanza.

Kazi ya siku kumi na moja kwa siku moja haiwezekani, hata kwangu. Nilipunguza ukubwa, nikashona siku ile mpaka macho yakakataa usiku, nikaamka alfajiri. Mama Lan alinitilia uzi sindano tatu kwa zamu, Tonton Lifoko akapeleka kiti chake barabarani, kusikiliza lori.

Sasa sikilizeni Mungu anavyopanga. Ile mvua niliyoitukana njia nzima, ilikuwa imelilaza lori kwenye tope likija kutoka mashariki. Lilichelewa siku mbili na nusu. Abiria walilia, wafanyabiashara walitukana, mimi nilishona. Kila mstari ukiisha, Mama Lan aliweka ukucha wake na kusema tu, "Anatembea." Nikishona mwingine, "Anatembea."

Siku ya tatu, jua limesimama juu, Tonton Lifoko akaja mbio.

"Koko, lori! Iko hapa kwa daraja!"

Nilikuwa nimebakiza mdomo wa mwisho. Ukuta wa kushoto nikaushona huku dereva anapiga honi. Nikashona paa, likageuka, likashuka. Mama Lan alikuwa amevaa viatu, sanduku limekwisha kupanda, mtu wa lori anamwita kwa kelele, "Mama Shinwa, tunakuacha!" Alibaki amesimama mbele yangu. Nikabakiwa na sakafu, ule mstari wa chini wa kufunga. Nilikuwa na haja ya pete tisa.

"Mutu wote ameingia?" nikamuuliza.

Alielewa. "Wote ameingia."

"Bon. Nafunga mulango."

Pete tisa, fundo, meno yangu yakakata uzi. Aliweka ukucha kwenye mstari wa kwanza kabisa, akatembea nao wote, honi inalia, mpaka sakafu ya mwisho. Akanipigia goti, mwanamke huyo wa wima kama sindano, barabarani, mbele ya lori zima. Nikamwinua. Nikampa kitambaa kwa mkono wa kuume, na akakipokea kwa miwili.

Alipanda juu ya magunia. Mara ya mwisho nilimwona amekishikilia kifuani, tope linaruka.

Kurudi

Kurudi hakuna mengi. Tonton Lifoko alikuwa na chumvi badala ya mawese, na Mama Lan alikuwa ameniachia mfuko wangu wa chumvi, mkubwa kama kichwa cha mtoto. Tulikula njia nzima kama matajiri. Tuliwapa hata watu wa lile daraja la kamba, na yule mwanamke wa mbinzo akakaanga upya, akatia chumvi, akafumba macho.

Kwenye kizuizi Komanda alituita kwa mbali. "Koko mulozi! Umepeleka dawa?"

"Nimepeleka. Leso yako iko wapi?"

Akaitoa mfuko wa juu. Nikamwambia nimekwisha kujua kuandika kwa kuanza mbele, nimrekebishie? Akairudisha haraka, akabana mfuko kwa mkono. "Acha vile vile," akasema. "Nimekuona ukiiandika."

Nilifikiri maneno yake mpaka Kisangani.

Habari ilinifikia baada ya miezi, kwa mtu wa mtu, dereva aliyepita: arusi ilikuwa. Mama mkwe aliweka kidole. Alifuata mpaka mwisho, akauliza ni nani katika kijiji chao aliyeshona, kwa maana hakuutambua mkono.

Ile nusu nyingine nilirudi nayo. Juzi ndipo Zaina alipoitoa sandukuni, mkiwa wote barazani, mnakumbuka. Uzi wa dhahabu siku hizi haupatikani. Alikuwa na wembe tayari kati ya vidole, anaupenda uzi, anaupenda na mimi, hana kosa.

"Koko, hii si ulikosea? Tufumue, tupate uzi ya kofia mbili."

Nikakitandika magotini. Nikaweka ukucha wangu kwenye pete ya kwanza, upande wa kuume kabisa, pale nilipoanzia, nikaufuata kwenda kushoto. Niliona mkeka wa chuo. Niliona msichana anayeandika ubao kwa haraka kabla bunduki hazijafika, na mwalimu wake bado yuko. Kila pete inatembea vile alivyofunzwa. Hakuna mahali pengine duniani palipoandikwa kwamba alikuwepo.

Zaina akasogeza wembe. "Koko?"

"Hapana. Mukono yangu haifumuake."